Anzia Forodhani: Namna ya Kufundisha Jinsi Kampuni Ilivyoutwaa Mwambao

Ukitaka kuwaeleza wanafunzi au wageni jinsi kampuni ya biashara ilivyokuja kuutawala mwambao wetu, usianzie Ngome ya Yesu. Mizinga ile ina kisa chake: Wareno walioanza kuijenga ngome mwaka 1593, Waomani walioitwaa 1698, Mazrui walioishika mpaka 1837. Kampuni ya Imperial British East Africa haikuingia Mombasa kwa kupiga mzinga. Iliingia na karatasi, na ukiichuja karatasi ile, kinachobaki chini ya kichujio ni ushuru. Basi anzia penye ushuru: Bandari ya Zamani, kwenye uwanja wa forodha ya kale, mbele ya maji.

Somo hili ni la saa tatu kwa miguu. Linawafaa wanafunzi wa sekondari, na linawafaa wageni wazima wenye subira. Kundi lisizidi watu 25, kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, mikokoteni na pikipiki zinapita, na aliye nyuma akikosa kusikia hatua moja tu hataielewa inayofuata. Anza saa mbili na nusu asubuhi, jua halijakuwa kali.

Beba vitu hivi. Ramani ya mwambao ya kipimo cha 1 kwa 1,000,000 juu ya karatasi ya A3, inayoonyesha kuanzia Vanga mpaka Kipini. Rula, uzi na pini. Kunde 200 kavu ndani ya mfuko, na kibaba cha kupimia nafaka, au kopo linaloingia robo tatu ya kilo hivi. Kadi tano zilizoandikwa MAHAKAMA, KODI, NGOME, ARDHI YA UMMA na BENKI. Picha kubwa ya sarafu ya Mombasa ya mwaka 1888, pande zote mbili. Na karatasi ya kila mwanafunzi yenye maswali manne, yaleyale kwa kila hati mtakayoisoma: Nani anatoa? Anatoa nini? Mpaka lini? Anapata nini badala yake? Maswali haya manne ndiyo uti wa mgongo wa somo. Mwalimu akiyaacha, somo linageuka orodha ya majina ya Wazungu.

Mchezo wa kunde

Kabla ya kumtaja Mzungu yeyote, waonyeshe desturi iliyokuwako. Masultani wa Unguja hawakuwa na jeshi la makarani wa kukusanya ushuru bandarini. Walimkodisha mfanyabiashara tajiri kazi hiyo: amlipe Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha akusanye mwenyewe, na kinachozidi ni chake. Kwa miaka mingi nyumba ya Kihindi ya Jairam Shivji ndiyo iliyoshika forodha, na baadaye akaishika Taria Topan. Kwa watu wa enzi ile, mfanyabiashara kukodi ushuru wa serikali lilikuwa jambo la kawaida kama kukodi jahazi.

Mweke mwanafunzi mmoja awe Sultani, mwingine awe mkodi wa forodha, na kumi wawe manahodha. Kila nahodha mpe kunde 20, ndiyo shehena yake. Ushuru wa bidhaa ziingiazo ulikuwa asilimia 5, kiwango kilichofungwa na mikataba ya Sultani na mataifa ya nje, ule wa Marekani wa 1833 na ule wa Uingereza wa 1839. Kwa hiyo kila nahodha anatoa kunde moja. Mkodi ameahidi kumpa Sultani kunde 7. Manahodha kumi wakitia nanga, anakusanya 10, anabaki na 3. Rudia mchezo, safari hii manahodha wafike watano tu: anakusanya 5, naye anadaiwa 7. Waache wamtazame mkodi akihangaika. Hapo wamekwisha elewa hatari ya biashara ile, na utaihitaji hatari hiyo mwisho wa somo.

Sasa cheza mara ya tatu, lakini kabla ya manahodha kufika, mwambie Sultani amkabidhi mkodi zile kadi tano moja baada ya nyingine: mahakama, kodi, ngome, ardhi ya umma, benki. Usieleze kitu. Waulize tu: huyu bado ni mkodi wa forodha? Kundi lolote lenye akili timamu litajibu hapana, amekuwa serikali. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Taria Topan na Kampuni. Zimebaki tarehe na majina tu.

Kosa la kawaida hapa ni kuurefusha mchezo. Dakika 20 zinatosha. Zikifika 30, kunde zimesambaa chini na kundi limesahau kilichowaleta.

Shinikizo la Wajerumani, na uzi wa sentimita mbili

Nenda haraka hapa. Sir William Mackinnon, Mskoti wa Campbeltown, alikuwa mwenye kampuni ya meli iitwayo British India, na tangu 1872 meli zake zilileta barua Unguja. Mwaka 1877 alijadiliana na Sultani Barghash ili akodishiwe bara, mazungumzo yakafa. Mwisho wa 1884 Mjerumani Carl Peters akapita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Barghash alipolalamika, Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Hapo ndipo Waingereza walipoona kwamba mwambao usiposhikwa na mtu wao utashikwa na mwingine, na Mackinnon wakamkumbuka tena.

Hati inayotaka utulivu ni ile ya 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana wenyewe mali ya Sultani bara inaishia wapi. Walimwachia ukanda wa maili 10 kwenda ndani, kutoka kusini hadi Kipini, pamoja na baadhi ya miji ya kaskazini zaidi. Kisha wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro, mpaka ziwa Victoria: kusini Wajerumani, kaskazini Waingereza. Sultani aliukubali mgawo huo mwezi Disemba.

Toa ramani. Maili zile ni za baharini, kwa hiyo ni kilomita 18 na nusu, nazo zinapimwa kuanzia pale maji yanapofika yanapojaa. Vitabu vingi vinaandika kilomita 16 kwa sababu vinahesabu maili za nchi kavu. Sahihisha hilo mapema. Kwenye ramani ya 1 kwa 1,000,000, kilomita 18 na nusu ni milimita 18 na nusu. Wape uzi wa urefu huo, wauchome pini pwani na kuweka alama ya penseli bara, kila sentimita mbili, kuanzia Vanga. Kutoka Vanga mpaka Kipini kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 280, yaani sentimita 28, hivyo watapata alama 14 au 15. Wakiziunganisha watauona ukanda wenyewe: mrefu kama kamba ya jahazi, mwembamba kama upindo wa kanga.

Waambie waangalie nini kimebaki nje ya upindo. Sehemu kubwa ya bara la Wamijikenda, Taita yote, Ukambani yote. Huko Sultani hakuwa na cha kutoa, na Kampuni ilihitaji karatasi nyingine. Wanafunzi wengi hudhani hati moja ilileta nchi nzima, na uzi huu ndio unaowatoa kwenye dhana hiyo.

Kuisoma hati ya 24 Mei 1887

Hapa ndipo mahali pa kukaa. Tafuteni kivuli karibu na Leven House, jumba la miaka ya 1820 lililobeba jina la manowari ya Kapteni Owen, na ambalo baadaye Kampuni ililitumia. Toeni maswali manne.

Nani anatoa? Sultani Barghash bin Said. Anayepokea ni chama cha wafanyabiashara wa Kiingereza cha Mackinnon, kilichokuwa bado hakijaitwa kampuni ya kifalme. Waulize wanafunzi nani hayumo. Hawamo Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wala masheha wala tamimu zao, yaani viongozi wao, waliokuwa wakipatana na kila mtawala tangu zama za Mazrui. Hawamo Mazrui wa Gasi wala wa Takaungu, waliokuwa bado na watu na bunduki. Hawamo Wamijikenda. Jambo hili liseme wazi na kwa sauti ya kawaida: watu waliotawaliwa hawakuwa upande wowote wa mkataba.

Anatoa nini? Mamlaka yake yote ya bara kutoka Wanga, yaani Vanga, mpaka Kipini. Kampuni iweke maofisa, itunge sheria, ifungue mahakama, itoze kodi, ishike ngome na majengo ya serikali yasiyokaliwa, isimamie ardhi ya umma, ichimbe madini, ijenge barabara na reli, ifungue benki yenye haki ya kutoa noti, na juu ya yote ikodi forodha za bandari zote. Mwonyeshe aliyekuwa mkodi kwenye mchezo: kadi zake tano zimo humu zote.

Lakini angalieni pia alichobakiza. Utawala uendeshwe kwa jina lake na chini ya bendera yake nyekundu, haki zake za enzi zisiguswe. Makadhi waendelee kuteuliwa naye. Ardhi ya watu binafsi haikutolewa. Mtu asiyejali sheria atasema haya ni maneno ya kumfariji Sultani tu. Si kweli. Maneno hayo ndiyo yaliyofanya mwambao uitwe himaya badala ya koloni mpaka 1963, na mahakama za kadhi tunazozijua leo zinapitia mlango huohuo. Simama hapo kidogo.

Mpaka lini? Miaka 50. Yaani kwa hesabu ya waliosaini, mwaka 1937 mwambao ungerudi mikononi mwa Unguja. Mwaka 1891, chini ya Sultani Ali bin Said, na Unguja yenyewe ikiwa imekwisha wekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka mmoja kabla, muda huo uliondolewa na ukodi ukafanywa wa kudumu. Wape wanafunzi nafasi wauone mfuatano huo wenyewe: kwanza aliyetoa akapoteza uwezo wa kukataa, kisha masharti yakabadilishwa.

Anapata nini badala yake? Alihakikishiwa asipungukiwe na kile alichokuwa akipata kwa ushuru wakati ule, na juu yake apewe nusu ya nyongeza yoyote halisi itakayopatikana. Hizi ndizo kunde 7, zikiwa na ahadi ya nyongeza.

Barghash alifariki Machi 1888, kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Barghash aliiona Kampuni ikianza kazi Mombasa, amekosea. Mdogo wake Khalifa ndiye aliyeithibitisha hati Oktoba 1888.

Hati ya Malkia si hati ya Sultani

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuzichanganya hati hizi mbili. Hati ya Sultani, ya 1887, ilitoa mamlaka juu ya watu na bandari. Hati ya Malkia Victoria, ya tarehe 3 Septemba 1888, haikutoa hata shubiri moja ya ardhi, kwa sababu Malkia hakuwa nayo. Haikutoa askari wala fedha. Ilitoa kitu kingine: ilikitambua chama cha Mackinnon kuwa kampuni ya kifalme, ikairuhusu kutumia mamlaka iliyopewa na wenyeji na kutafuta nyingine, na ikaiwekea masharti. Ibaki ya Kiingereza. Waziri wa mambo ya nje aweze kuipinga. Iheshimu dini na mila. Ipunguze utumwa kwa kadiri iwezekanavyo. Na isijifanyie ukiritimba wa biashara.

Sharti hilo la mwisho lipigie mstari. Kampuni ya biashara iliyokatazwa kuhodhi biashara, iliyofungwa na ushuru wa asilimia 5, na iliyoanza na takriban pauni 250,000 za wanahisa, ilipewa jukumu la kuendesha serikali. Walimu wengi huieleza Kampuni kama jitu lenye nguvu. Ukiisoma hati vizuri utaona ni mfanyabiashara aliyejitwika mzigo wa serikali bila mfuko wa serikali, na udhaifu huo ndio uliokuja kuleta utawala wa moja kwa moja wa Uingereza.

Toa sasa picha ya sarafu. Kwenye rupia ya fedha mna jua linalochomoza miale na taji juu yake, nembo ya Kampuni, pamoja na kaulimbiu yake ya Kiingereza iliyomaanisha Nuru na Uhuru. Upande wa pili jina la Kampuni, thamani, jina la Mombasa na mwaka 1888. Ile ndogo ya shaba, pesa, ina mizani, na mwaka wa Hijria 1306 umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Waache waishike picha na waiulize sarafu maswali manne. Bendera mjini ni ya Sultani, mahakama ni kwa jina la Sultani, lakini iliyomo mfukoni mwa mchuuzi wa samaki ina jina la nani? Sarafu ya shaba inafundisha hili kuliko hotuba ya nusu saa.

Rabai na Pangani: karatasi moja, mikono miwili

Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani nayo ilikuwa na hati kama hiyo kutoka kwa Sultani kwa bandari za kusini. Kule Pangani wakala wao, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipande, akamdharau liwali na watu wa mji. Mwambao wa kusini ukawaka chini ya Abushiri bin Salim, na ilibidi Ujerumani ilete jeshi. George Mackenzie, msimamizi wa Kampuni ya Waingereza, alifika Mombasa Oktoba hiyohiyo, moto ukiwa jirani.

Alikuta jambo lililoweza kuulipua mji wetu. Misheni ya Rabai ilikuwa imejaa watumwa waliotoroka mashamba ya Waswahili na Waarabu, nao wenye mashamba wakiwadai. Kuwarudisha kungewaudhi Waingereza wa kwao. Kuwakatalia wenye mashamba kungewaudhi wazee wa mwambao. Mackenzie akalipa. Siku ya kwanza ya Januari 1889, pale Rabai, watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru, na wenye mashamba wakalipwa kiasi cha riale 25 kwa kila mtu. Wapigie hesabu ubaoni au mchangani: 1,400 mara 25 ni riale 35,000, kabla Kampuni haijasafirisha hata pembe moja ya ndovu ya kutajika.

Angalia usilieleze tendo hili kuwa la ukombozi tu, wala la ujanja tu. Kwa waliopata hati, uhuru ulikuwa uhuru. Kwa Kampuni ilikuwa bei ya kukaa Mombasa bila vita. Utumwa wenyewe haukufutwa; hadhi yake ya kisheria iliondolewa mwambaoni mwaka 1907. Katika kundi lako huenda wamo vitukuu vya waliolipwa na vitukuu vya waliotoroka. Zungumza kwa adabu.

Kibaba

Kampuni ilizamia bara. Ilipeleka watu wenye fomu za mikataba, ikajenga boma Machakos 1889. Ofisa wake Frederick Lugard akaondoka pwani 1890, akajenga Dagoretti, na Disemba akafika Mengo, mji mkuu wa Buganda, ambako tarehe 26 alimfanya Kabaka Mwanga, mfalme wa huko, atie saini mkataba. Ni kwenye njia hii ya Uganda Kampuni ilipofilisika, na kibaba kitaonyesha kwa nini.

Mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30. Tani moja basi ilihitaji wapagazi 33 au 34. Safari ya Mombasa mpaka Uganda, zaidi ya kilomita 1,200, ilichukua miezi mitatu hivi. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu gramu 700. Mwambie mwanafunzi ajaze kibaba na kukimimina mara 10 kwenye mfuko, kisha wengine wafanye hesabu: gramu 700 kwa siku 90 ni kilo 63. Mtu mmoja anakula njiani mara mbili ya mzigo anaobeba. Lazima chakula kinunuliwe kwa wenyeji au kinyang'anywe, na kila kikinyang'anywa, safari inayofuata inakuta mishale. Kule Dagoretti ugomvi wa chakula na mali ulifika hadi Waiyaki wa Hinga kukamatwa mwaka 1892; alifia Kibwezi akipelekwa pwani.

Reli ingeponya hayo. Kampuni ilianza kutandika reli nyembamba ya futi 2 mwaka 1890, ikafika maili chache tu ikaachwa. Vyuma vyake vilikuja kutumika kwa zile troli zilizosukumwa kwa mikono mjini Mombasa. Mwaka 1892 mwambao ukaingizwa katika eneo la biashara huria la mkataba wa Berlin, na nafasi ya Kampuni ya kupata ushuru ikabanwa zaidi. Mkumbushe mkodi wa mchezo: manahodha watano tu wamefika, naye anadaiwa 7. Machi 1893 Kampuni ilitoka Uganda, na Juni Mackinnon akafariki.

Mauzo ya 1895

Pitieni Ndia Kuu mpaka Treasury Square, umalizie hapo. Kampuni iliuza kila ilichokuwa nacho kwa pauni 250,000. Hapa usiharakishe, maana hesabu hii ndiyo inayowashangaza wengi. Serikali ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilitoka kwenye fedha za Unguja, fedha ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa kuuchukua moja kwa moja mwambao wa kusini. Yaani Sultani alilipia mwambao wake mwenyewe ukombolewe kutoka kwa aliyeukodi, kisha haukurudi kwake. Ulikodishwa kwa serikali ya Uingereza. Kodi ikawa pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na riba ya asilimia 3 juu ya zile 200,000, yaani 6,000. Jumla 17,000 kwa mwaka. Acha wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe, usiwape jibu.

Tarehe 1 Julai 1895 ukafanywa baraza hapa Mombasa. Sir Arthur Hardinge akapokea utawala kwa niaba ya Uingereza, na Sir Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Unguja, akawahakikishia watu kwamba bendera ya Sultani itabaki, na dini na mila hazitaguswa. Wakati huohuo vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gasi vilikuwa vimekwisha anza, kutokana na Kampuni kuingilia urithi wa uongozi wa Takaungu. Vilidumu mpaka Aprili 1896, alipovuka kwenda upande wa Wajerumani. Ukisikia kwamba Kampuni ilitwaa mwambao bila damu, kumbuka damu ilimwagika kwenye makabidhiano.

Kwenye bustani hii ilisimama sanamu ya Mackinnon. Baada ya uhuru iliondolewa ikapelekwa Uskoti. Wageni wengine huitafuta. Waonyeshe bustani tu.

Panapoharibika somo

Majina huchanganya. Mackinnon ni mwenye meli na mwanzilishi. Mackenzie ni msimamizi aliyekaa Mombasa. Smith Mackenzie ni nyumba ya uwakala wa meli. Waandike ubaoni kabla ya kuanza.

Kampuni hii si ile ya East India. Ile ilikuwa na majeshi na ikatawala India kwa muda mrefu. Hii ilidumu miaka saba tu mwambaoni. Mwongoza watalii anayezichanganya atasahihishwa na mgeni wa kwanza kutoka India.

Wengine husema Sultani aliuza Mombasa. Hakuuza. Rudi kwenye hati: alikodisha, kwa jina lake, kwa muda. Neno kuuza likiingia, mtu hawezi tena kuelewa kwa nini mwaka 1963 ilibidi ufanywe mkataba mwingine.

Na swali la mwambao wa leo litakuja, hasa ukiwa na watu wazima. Usilikwepe, wala usiwe wakili wa upande wowote. Toa hati ya tarehe 8 Oktoba 1963, ambamo Sultani Jamshid aliiachia Kenya ukanda, na Kenya ikaahidi kulinda mahakama za kadhi, dini ya Waislamu, mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wao, na hati za kumiliki ardhi zilizokuwako. Wagawie wanafunzi karatasi zao tena, zenye maswali yaleyale manne, na uwaachie nusu saa waisome wenyewe.